Mgeni Aliyekaribishwa Mara Saba

Bi Somoe alimimina chai katika vikombe sita, akavipanga juu ya sinia na kuvipeleka sebuleni. Watu wa nyumba ile asubuhi ile, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa watano.

"Bibi, kimezidi kimoja," alisema Talha, kijana wa kurekodi sauti. "Au mie leo napata viwili?"

"Chako kimoja, mlafi we. Hicho cha mwenzenu."

"Mwenzetu yupi?"

"Huyo mwanamume aliyekaa chumba cha nyuma. Nimemsalimu mara mbili, kanitazama tu. Kwenu hamfundishwi kuitikia salamu?"

Walitazamana. Daniel, mpiga picha, alicheka. "Atakuwa anamsema Godlisten. Lakini Godlisten hajafika, bibi. Yuko kazini kwake Ubungo mpaka kesho."

"Mie simjui huyo Godlisten. Nasema niliyemwona," alijibu Bi Somoe, akarudi jikoni. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Genoveva, mwongozaji wa filamu yao, hakucheka. Alikwenda chumba cha nyuma, akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha mbao, mkeka uliokunjwa, na dirisha lililofunikwa na vumbi jeupe la barabarani. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti, ambacho jana alikiacha kimeelekea ukutani, sasa kilielekea mlangoni.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Somoe, huku Wazo, kwenye kilima ambako malori ya saruji hupita kutwa. Genoveva aliomba kuitumia kwa siku nne kutengeneza filamu fupi. Hakukuwa na kampuni nyuma yao. Walikuwa watu wachache wenye kamera moja, na skripti ambayo Genoveva alikuwa ameiandika na kuifuta kwa miaka sita. Ilimhusu msichana anayebaki peke yake nyumbani, akabishiwa hodi na mwanamume asiyemjua. Msichana anafungua. Wanazungumza hadi jioni, naye anavuka kutoka utoto na kuwa mtu mzima. Mwishoni mgeni anaondoka mikono mitupu, na hakuna kinachopotea.

Msichana huyo aliigizwa na Lulu, mjukuu wa Bi Somoe, mwenye miaka kumi na minne na kipaji kilichowashangaza wote.

Siku iliyotangulia, Alhamisi, walipiga picha ya msichana akimfungulia mgeni mlango. Godlisten, aliyepaswa kuwa mgeni, hakuwepo. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba hilo si tatizo. Kamera inamtazama msichana peke yake, naye anazungumza na mlango mtupu kana kwamba mtu amesimama pale. Uso wa mgeni hupigwa siku nyingine, kisha vipande viwili vinaunganishwa.

Lulu alifungua mlango, akasema, "Karibu. Pita ndani."

Mara ya kwanza lori lilipita likaharibu sauti. Mara ya pili Lulu alipepesa macho. Ya tatu, ya nne na ya tano Genoveva hakuridhika. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, na adhana ya magharibi ikasikika kutoka bondeni.

"Dairekta, tupumzike kidogo, watu tukaswali," alisema Talha.

"Moja tu, Talha. Mwanga huu hatutaupata tena."

Wakafanya ya sita.

"Bado, mdogo wangu," Genoveva alimwambia Lulu kwa upole, akimshika mabega. "Unasema kwa mdomo tu. Sema kama unataka aingie kweli."

Mara ya saba Lulu alifungua mlango, akatulia, akatabasamu. "Karibu," alisema. "Pita ndani." Kisha macho yake yakainuka kidogo, kama ya mtoto anayemtazama mtu mrefu, yakasogea polepole kutoka mlangoni, yakapita kando ya kamera, yakaishia kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Kata!" Genoveva alipiga makofi. "Hiyo ndiyo!"

Walimpongeza wote. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akimtazama nani.

Ijumaa alasiri, baada ya kupiga picha za jikoni, Talha aliomba ukimya. Hii nayo ni desturi ya kazi yao. Kila chumba kina kimya chake, na mrekodi sauti hukichukua kwa dakika moja ili baadaye akitumie kuziba mapengo. Basi walisimama sebuleni, Genoveva, Daniel na Lulu, hakuna aliyesogeza hata unyayo. Talha alivaa hedifoni, akafumba macho.

Dakika haikuisha. Talha alifumbua macho, akamtazama kila mmoja mikononi.

"Nani anamenya kitu?" alinong'ona.

"Hakuna anayemenya kitu," alisema Daniel.

"Nasikia kisu. Kinamenya taratibu, kama mtu ana nafasi." Akavua hedifoni na kumpa Genoveva. "Sikiliza mwenyewe, dada."

Alirudisha nyuma sauti ile. Genoveva alisikia kwanza kimya, halafu pumzi za watu, halafu mkwaruzo mdogo wa kisu kikizunguka ganda, kikizunguka, kikizunguka bila kukatika. Kisha mtu akatema mbegu, moja, mbili, zikaanguka sakafuni. Na hapo, katika chumba ambacho hakikuwa na tunda lolote, harufu ya chungwa lililomenywa sasa hivi ilimfikia puani, kali na tamu.

"Panya," alisema. "Ni panya darini. Futa hiyo."

"Panya anatema mbegu?"

"Talha, nimesema futa!"

Talha alifuta. Alikuwa akimheshimu. Lakini alipofungasha vyombo vyake na kutoka, alipita dirisha la chumba cha nyuma huku ameinamisha uso.

Jumamosi asubuhi Bi Somoe alimpigia Genoveva simu. Hakusalimia. "Njoo umwone mtoto," alisema. "Njoo sasa hivi."

Lulu alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha nyuma, uso ukielekea kile kiti. Alikuwa na homa. Joto lake ungelihisi kabla ya kumgusa. Tangu jana mchana hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Lulu," aliita Genoveva akichuchumaa. "Ni mimi, dada Geno. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Namsikiliza mgeni."

"Mgeni gani?"

Lulu akageuka. Kama angesema kwa sauti nzito ya kiume, labda Genoveva angeogopa zaidi dakika ile, na kuogopa kidogo tu siku zilizofuata. Lakini alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto, ya urafiki.

"Anauliza, dada Geno, lile chungwa lilikuwa tamu?"

Genoveva alikaa chini sakafuni.

Jambo hilo hakulijua mtu yeyote duniani. Halikuwa kwenye skripti. Genoveva alikuwa na miaka kumi wakati huo, wakiishi Temeke, mama yake amekwenda sokoni na baba kazini. Aliachiwa mdogo wake wa kiume, Asifiwe, wa miaka mitatu, akaambiwa asimfungulie mtu. Alasiri mwanamume akabisha hodi. Alikuwa na mfuko wa machungwa na sauti nzuri. Genoveva alifungua, akasema karibu, kama alivyofundishwa kuwaambia wageni. Mwanamume akammenyea chungwa, akasema ametumwa na baba kumchukua mtoto mdogo. "Wewe baki ulinde nyumba." Genoveva alibaki akila chungwa. Wakati linaisha, mtu na mtoto walikuwa hawaonekani tena njiani.

Mama aliporudi, Genoveva aliogopa kipigo, akasema Asifiwe ametoka mwenyewe kucheza. Ni uongo mdogo, wa aina ambayo watoto huusema kila siku. Kwa ajili yake, mtaa mzima ulimtafuta Asifiwe kwenye mitaro na visima kwa siku tisa, na hakuna aliyemtafuta mwanamume mwenye mfuko wa machungwa. Sasa ilikuwa miaka kumi na minane. Baba alishafariki. Genoveva hakuwahi kulisema.

"Mmefanya nini kwenye nyumba yangu?" aliuliza Bi Somoe kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Niambie kila kitu, mwanangu."

Genoveva alimweleza kuhusu Alhamisi. Si kuhusu chungwa.

"Mlisema karibu kwa mlango mtupu? Magharibi?"

"Ni kazi tu, bibi. Filamu zinatengenezwa hivyo."

"Mara ngapi?"

"Mara saba."

Bi Somoe aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Sie watu wa hapa hatumkaribishi tusiyemwona. Hata akibisha. Nyie hata hodi hakupiga, mkamwita wenyewe, mara saba, na mtoto wangu ndiye mliyemweka mbele."

Maalim Jabiri, msomaji dua wa mtaa ule, aliitwa. Alifika alasiri akiwa amebeba sanduku la spana, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza cherehani, na mikono yake ilinuka mafuta ya mashine. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka.

"Shikamoo, Maalim," alisema Genoveva.

"Marahaba, binti. Mgonjwa yuko wapi, na nani amekaa naye?"

Aliwasha ubani katika chetezo, akasoma kwa muda mrefu. Moshi ulipanda hadi usawa wa kile kiti, ukagawanyika, ukapita pembeni kama maji yanavyopita kando ya jiwe, ukaungana tena juu. Daniel aliyekuwa mlangoni aliona hivyo, akarudi nyuma hatua tatu. Talha alikuwa uani, hakutaka kuingia.

"Ewe uliyeingia," alisema Maalim, "mwache mtoto huyu uende."

Lulu akajibu, macho yakiwa yamefumbwa. "Mimi ni mgeni. Mgeni hafukuzwi."

"Kweli hafukuzwi. Umekaribishwa na nani?"

"Huyu nilimkuta tu mlangoni. Mwenyeji wangu ni yule aliyesimama nyuma ya kamera, aliyetaka niingie kweli."

Maalim akamgeukia Genoveva. "Amekaribishwa mara saba. Mlimsindikiza?"

"Kumsindikiza?"

"Mgeni akiondoka, mwenyeji huenda naye kipande cha njia. Kwenu hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya. Lakini hiyo sehemu... mgeni kuondoka... tulipanga kuipiga leo. Godlisten akifika."

"Basi kwake yeye ziara haijaisha." Maalim alikung'uta majivu. "Utamsindikiza wewe, jua halijazama. Mpeleke hadi njia panda kule kwenye lami, umwache, urudi kwa njia nyingine. Njiani atakuuliza maneno. Mjibu kweli, maana ukimdanganya atarudi kwa mtoto, na safari ya pili mie sitamweza. Usigeuke nyuma, hata ukisikia nini. Na jambo la mwisho, lishike sana. Atakuahidi kitu. Atakutajia mtu au mahali. Usikifuate. Mwenyeji akimfuata mgeni wake kule alikomwelekeza, amemwalika upya."

"Na nisipoweza?"

Maalim aligeukia mkekani. Alimtazama Lulu, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na Bi Somoe aliyekuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

Genoveva alisimama. Alikielekea kile kiti, akasema, "Mgeni wangu, saa zimekwenda. Twende nikusindikize."

Kiti kikalia, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapoinuka.

Alitoka nje akifuatwa. Jua lilikuwa bado juu ya kilima na watu walikuwepo njiani, mama mmoja akianua nguo, watoto wakicheza rede, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu isipokuwa mbuzi aliyefungwa kwenye mnazi, ambaye alivuta kamba hadi ikamkaba shingo. Nyuma yake, hatua mbili hivi, viatu vya kiume vilikanyaga kokoto, na harufu ya chungwa ilitembea pamoja nao.

"Nani alifungua mlango?" iliuliza sauti. Ilikuwa sauti nzuri. Alikuwa ameusahau uzuri wake.

"Mimi."

"Uliwaambiaje wakubwa?"

"Kwamba alitoka mwenyewe kucheza."

"Wakamtafuta wapi?"

"Mitaroni. Visimani."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Na wewe, siku hizo tisa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nao. Nilishika taa." Genoveva alilia sasa, lakini miguu haikusimama. "Niliita jina lake pamoja nao, nikijua hayupo."

Mgeni hakuuliza tena. Waliteremka, na kadiri walivyoteremka zile hatua nzito zilipungua uzito, viatu vikaacha kuwa viatu, vikawa ndara, kisha nyayo tupu, nyayo ndogo zinazokimbia kidogo ili zisiachwe, zikijikwaa, zikisimama kupumua, zikikimbia tena, na Genoveva alizitambua kabla hazijasema neno kwa sababu ndivyo Asifiwe alivyokuwa akimfuata kwenda bombani kila asubuhi, akikataa kubaki, akimlilia ambebe.

"Dada," ilisema sauti. "Nibebe. Nimechoka."

Aliuma mkono wake akasonga mbele, na lami ikaonekana, na malori, na ile njia panda yenye kibanda cha vocha, na sauti ikaendelea kumwita, ikikua kila inapoita, ikawa ya mvulana, ikavunjika, ikawa ya kijana mzima mwenye mafua kidogo, ikasema kwa utaratibu kama mtu anayetoa anwani yake kwa ndugu: "Sikufa, dada. Walinipa jina lingine. Naitwa Nassibu. Nachonga vinyago Mwenge. Kidole changu kimoja kimekatwa na patasi. Geuka tu unione nilivyokua."

Genoveva alifika njia panda. Alisimama, mgongo kwake.

"Nimekufikisha," alisema. "Kwa heri, mgeni wangu."

Akachukua njia ya kushoto, ile inayopanda kupitia machimbo ya zamani. Nyuma yake mtoto wa miaka mitatu alianza kulia, kilio cha mtoto aliyeachwa barabarani na mtu anayemwamini, na kilio hicho hakikumfuata, kilibaki palepale, kikazidi kuwa mbali kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akienda.

Alipoingia uani Lulu alikuwa ameketi barazani, amevishwa shuka, anatoka jasho.

"Bibi, hakuna wali?" alikuwa akiuliza. "Yaani nyumba nzima hamna hata ukoko?"

Bi Somoe alicheka na kulia kwa pamoja. Talha alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti. Genoveva alimfuata Maalim, aliyekuwa akifunga sanduku lake.

"Maalim. Jini husema kweli?"

Maalim alimtazama usoni, akaelewa kwamba ameahidiwa kitu, lakini hakuuliza ni kitu gani. "Huweka kweli kidogo," alisema. "Mvuvi naye huweka chambo cha kweli. Samaki hali chambo cha uongo."

Jumapili, mama yake aliporudi kanisani, Genoveva alimkuta nyumbani kwake Kimara akichambua mchicha. Jina lake ni Herieth, na alikuwa mwanamke asiyezungumza sana tangu mwaka ule. Genoveva aliketi kwenye kigoda mbele yake, akaanza na chungwa. Alisema kuhusu mlango, uongo, mitaro, taa aliyoishika. Mikono ya mama iliendelea kuchambua mchicha hadi ulipoisha, kisha ikachambua ungo mtupu.

Alipofika kwenye njia panda, Genoveva alisita. Alijua angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa amemficha mama yake neno moja kwa miaka kumi na minane, na hakuwa na nguvu ya kuficha la pili.

"Alisema anaitwa Nassibu. Yuko Mwenge, anachonga vinyago. Amekatwa kidole."

Mama aliweka ungo chini. Hakumpiga, hakumlaani, hakumkumbatia. Alikwenda chumbani akatoka na kanga begani, akavaa viatu bila kutazama, kimoja chake na kimoja cha marehemu mumewe.

"Mama, unakwenda wapi? Maalim alisema tusifuate. Alisema mwenyeji akifuata..."

"Alimwambia nani?"

"Aliniambia mimi."

"Basi wewe baki," alisema mama. "Mimi sikuambiwa."

Alikuwa ameshavuka geti. Alitembea upesi, mguu mmoja ukiburuza kiatu kikubwa, na Genoveva alisimama uani, akimwita, akimwita tena, wala mama hakugeuka nyuma.